Mkaa wa Chai Huenea Kiganjani

Teka lita 2 za maji ya bomba yenye nyuzi 25. Mpaka yachemke, yapande nyuzi 75. Kila kilo ya maji hudai kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo deni lote ni kilojuli 630. Mkaa mzuri na mkavu hutoa takriban kilojuli 29,000 kwa kilo. Gawanya: gramu 22. Vipande viwili vitatu, na kiganja kinafunga.

Jaribu sasa kuchemsha chai kwa vipande hivyo!

Ile 29,000 ni ya maabara. Mkaa husagwa, hufungiwa ndani ya kopo nene la chuma lililoshindiliwa oksijeni, kopo likazamishwa majini, mkaa ukawashwa kwa umeme. Kisha husomwa maji yamepanda nyuzi ngapi. Humo joto halina pa kutorokea. Uani linapo.

Kwenye jiko la bati tupu, joto hutorokea ukutani. Bati huiva likawa jekundu, mpishi akaungua ugoko huku maji yametulia. Kinachofika kwenye sufuria ni asilimia 10 hadi 20 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Nairobi walilishughulikia hilo. Wazo lilitoka Thailand: ndoo ya bati yenye udongo wa kuchomwa ndani. Jiko la Nairobi likatiwa kiuno. Bakuli la udongo lenye matundu likakaa nusu ya juu peke yake, palipo na moto. Chini pakabaki pa jivu na mlango wa hewa. Udongo ukapungua, na uzito nao. Kitako kipana hakiyumbi ugali ukisongwa. Kwangu mimi, ufundi wenyewe uko kwenye kiuno hicho kuliko kwenye udongo. Asilimia zikapanda, 25 hadi 40.

Upotevu mwingine bakuli la udongo haliuzuii. Kilo ya kaboni ikipata hewa ya kutosha huungua hadi kuwa kaboni dioksaidi na kutoa megajuli 33. Ikinyimwa hewa, huishia kwenye kaboni monoksaidi: megajuli 9. Zilizobaki huondoka na gesi kabla hazijaungua. Ndiyo gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Mwali wa bluu unaochezacheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikimalizia kuungua, ndiyo maana sufuria huinuliwa kidogo kwa vishikio vitatu, isiukalie moto. Na ndiyo maana jivu likiziba matundu, kupepea hakusaidii kitu, chokonoa kwanza.

Rudi kwenye chai. Kwa asilimia 15, gramu 22 zinakuwa karibu 145. Kwa asilimia 30, karibu 72. Hapo bado sijahesabu makaa mekundu yanayobaki chai ikishaepuliwa. Kwetu hayo hufukiwa viazi vitamu.