Kutoka Meza ya Ofisi hadi Chumba cha Rubani: Uchambuzi wa Njia ya Mtumishi wa Masisi na Walikale

Katika wilaya za Masisi na Walikale, mkoani Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, milima, msitu, barabara zinazoharibiwa na mvua na vita vya miaka mingi vimeifanya ndege kuwa chombo cha lazima cha kusafirishia dawa, watumishi wa mashirika ya misaada na madini. Karani au mhasibu wa huko anayeandaa hati za mizigo huijua kazi ya ndege kwa upande wa makaratasi, na hapo ndipo linapozuka swali la namna anavyoweza kuvuka upande wa pili akawa rubani wa kulipwa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba nidhamu ya hesabu na kumbukumbu, ambayo mtumishi huyo anayo tayari, ni sehemu ya msingi ya urubani, na kwamba mafanikio yake hutegemea mpangilio wa hatua kuliko ujasiri.

Mfano wa Kilambo, wilayani Walikale, unaeleza vizuri uzito wa hoja hiyo. Baada ya machimbo ya Bisie kuanza kutoa kasiterite, yaani mawe yenye madini ya bati, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapagazi walibeba magunia kwa miguu takriban kilomita 45 kupita msituni hadi Njingala, na kutoka huko mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa kuwa njia ya kurukia ndege. Ndege ndogo za injini mbili, kama Let 410 na Antonov, zilitua barabarani hapo, zikapakia kiasi cha tani mbili kila moja na kuelekea Goma, mara nyingi zikiendeshwa na marubani kutoka nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovieti. Ugumu wa kazi hiyo ulikuwa katika kuamua, kabla ya injini kuwashwa, ni kilo ngapi zinazoruhusu ndege kupaa kutoka kipande kifupi cha lami kisicho na nafasi ya kurekebisha kosa.

Uamuzi huo hutokana na kanuni za hewa. Hewa hupungua uzito kadiri mahali panavyoinuka na kadiri joto linavyoongezeka, na hewa nyepesi huinyima bawa nguvu ya kuinua na injini nguvu ya kusukuma. Goma iko takriban mita 1,530 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho joto linalochukuliwa kuwa la kawaida katika hesabu za anga ni karibu nyuzi 5. Kwa hiyo siku ya nyuzi 25 ndege hufanya kazi kana kwamba iko kwenye mita 2,250 hivi. Kwa ndege ndogo, makadirio yanayofundishwa ni kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kupaa huongezeka kwa asilimia 20, jambo linalomaanisha kwamba gunia lililoongezwa bila kuandikwa linaweza kula akiba yote ya usalama. Mtu aliyezoea kukataa hati yenye jumla isiyolingana amekwisha kujifunza nusu ya uamuzi huo.

Kuhusu leseni, viwango vya chini vimewekwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944. Leseni ya rubani binafsi, isiyoruhusu malipo, hudai saa 40 za kuruka na umri wa miaka 17. Leseni ya biashara, inayoruhusu kulipwa, hudai saa 200, au 150 katika mafunzo yaliyoidhinishwa, na umri wa miaka 18. Na leseni ya juu, inayohitajika kwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, hudai saa 1,500 na umri wa miaka 21. Kwa safari za kimataifa za biashara, kikomo cha umri ni miaka 60 kwa rubani anayeruka peke yake na 65 kwa ndege yenye marubani wawili, hivyo anayeanza akiwa na miaka 35 bado ana muda mrefu wa kazi mbele yake.

Mpangilio wenye busara huanza na cheti cha afya cha daraja la kwanza, yaani uchunguzi wa macho, masikio, moyo na akili, kwa sababu anayeshindwa hapo huwa hajapoteza mshahara wala akiba. Masomo ya nadharia, kama hali ya hewa, sheria na uongozaji wa safari, yanaweza kuanza jioni baada ya kazi, pamoja na Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa cha ofisi za Kongo hakitoshi katika anga za Entebbe na Nairobi, na kipimo cha ICAO hudai angalau daraja la 4 kati ya 6 katika mawasiliano ya redio. Ofisi inafaa kuachwa pale tu fedha za mafunzo ya leseni ya biashara zinapokuwa zimekamilika, kwa sababu anayesimama katikati hupoteza wepesi wa mikono na kulipia saa zilezile mara mbili. Shule ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa 1971 wakati wa Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, na shule za uwanja wa Wilson jijini Nairobi ziko karibu, lakini leseni ya huko huhitaji kutambuliwa na mamlaka ya Kongo kabla mwenyewe hajaendesha ndege iliyosajiliwa nchini humo.

Hatua ngumu zaidi huja baada ya leseni, wakati rubani mwenye saa 200 anapotafuta mwajiri wa kumpa saa nyingine, na wengine huzipata kwa kufundisha au kwa kuwa rubani msaidizi. Hali ya usalama imeiongezea ugumu, kwani uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 wakati wa mapigano, na mashirika ya ndege ya Kongo yamezuiwa kuingia anga ya Umoja wa Ulaya tangu 2006 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi. Kwa hiyo mgeni katika taaluma hii hana budi kumchagua mwajiri kwa kukagua mizani, vitabu vya matengenezo na kumbukumbu za saa, na kumkataa anayezificha hata kama mshahara wake ni mkubwa, kwa kuwa saa zisizothibitishwa hazina thamani kwa mwajiri anayefuata, na ndege isiyopimwa uzito haina haki ya kubeba watu wa Masisi na Walikale.