Uvimbe wa Ngozi: Mkato Upi, kwa Nani?

Katika soko la samaki la Kirumba Mwaloni, jijini Mwanza, magunia ya dagaa husafiri juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi. Kwa mtu wa kazi hiyo, kivimbe kinachofanana na gololi kichwani au mgongoni si suala la urembo. Kikitulia hakiumi, lakini mzigo hukisugua kila siku, na kikipasukia ndani ya ngozi huwa cha moto, hujaa na kuuma hata kulala kukawa taabu.

Chini ya ngozi kuna kifuko. Seli za tabaka la juu la ngozi, aghalabu za kinyweleo kilichoziba, zimejifungia ndani na zinaendelea kutoa keratini, protini ileile inayojenga kucha na nywele. Keratini hiyo haina pa kutokea, hivyo hurundikana taratibu ikawa uji mzito wenye harufu kali, ambao wengi hudhani ni mafuta. Ukikamuliwa, uji unatoka lakini ukuta unabaki, na baada ya muda kifuko hujaa tena. Ndiyo maana kila mbinu ya upasuaji hupimwa kwanza kwa uwezo wake wa kuung'oa ukuta, ndipo kwa ukubwa wa kovu.

Mbinu kongwe ni mkato wenye umbo la jani. Baada ya ganzi ya lignokaini, mpasuaji huchora mkato ambao urefu wake ni takriban mara 3 ya upana, ili kingo zikutane bila kujikunja. Kitundu cheusi kinachoonekana juu ya uvimbe huachwa katikati ya jani, kwa sababu hapo ndipo kifuko kiliposhikamana na ngozi. Kisha mkasi butu hukitenga polepole na nyama inayokizunguka mpaka kitoke kizima. Mbinu hii ndiyo inayofaa zaidi kwa kivimbe kilichowahi kupasuka, maana makovu ya ndani huwa yamekigandisha. Gharama yake ni kovu refu na nyuzi zinazokaa siku 5 hadi 7 usoni, 7 hadi 10 kichwani, na hata 14 mgongoni.

Mbinu ya pili hupitia tundu la milimita 2 au 3 tu. Uji hukamuliwa wote, kifuko kikanywea, halafu ukuta hukamatwa kwa koleo ndogo na kuvutwa nje. Hufaa usoni, kwa kivimbe ambacho hakijawahi kuambukizwa, na mara nyingi uzi 1 unatosha. Inahitaji mkono mvumilivu: kipande cha ukuta kikisahaulika, uvimbe hurudi. Kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio, mgonjwa aulizwe kwanza kama ana historia ya makovu yanayofura, kwa kuwa hata jeraha dogo linaweza kuyazalisha.

Vivimbe vya kichwani, ambavyo mara nyingi hutembea katika ukoo, vina ukuta mgumu. Mkato mfupi ukifika kwenye ukuta huo, kifuko huchomoka kizima.

Kivimbe chenye usaha hakifai kung'olewa siku hiyo. Hupasuliwa, usaha hutolewa, na mgonjwa hupangiwa kurudi baada ya wiki 4 hadi 6 ili kifuko kiondolewe. Maumivu yakishaisha, wengi huona wamepona na hawarudi, kumbe chanzo bado kipo.

Tarehe ya upasuaji nayo ni sehemu ya tiba, hasa kwa wavuvi wanaoleta mzigo huo sokoni. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa. Mvuvi akifanyiwa upasuaji mwanzoni mwa mapumziko hayo, jeraha lake hupata siku za kwanza mbali na maji ya ziwa na nyavu. Daktari anayeuliza kazi ya mgonjwa kabla ya kumpangia siku humpunguzia hatari ya nyuzi kuachia.

Si kila kivimbe kinahitaji kupanda kilima cha Bugando, iliko hospitali ya rufaa ya Mwanza. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji mdogo na mtaalamu aliyefunzwa kinaweza kuondoa vingi. Huko Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kimekuwa kikiwaandaa matabibu wa ngozi tangu miaka ya 1990, wakiwemo wa kutoka nchi nyingine za Afrika.

Rufaa ni ya lazima kwa uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu na ulioganda mahali pamoja, wenye kidonda kisichopona, ulio karibu na jicho, au ambao mtoto alizaliwa nao katikati ya pua au paji la uso, kwani huo unaweza kuwa na njia inayoelekea kwenye ubongo. Watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwapata mapema, wasikubali uvimbe wao kukatwa na kutupwa. Kilichotolewa kiwekwe kwenye formalini ya asilimia 10 na kupelekwa maabara ya patholojia, na mgonjwa apewe tarehe ya kufuata majibu kabla hajaondoka.