Kupunguza Kilo kwenye Phoenix

Phoenix ya chuma, ile nyeusi yenye magurudumu ya inchi 28, ina kilo zipatazo 20 ikiwa na keria, stendi, madigadi na kava ya cheni. Kiwanda cha Shanghai kiliiunda ibebe mizigo, nayo imebeba: magunia ya mkaa, kreti za soda, mama na mtoto wake mgongoni. Lakini wapo wanaoipanda Dar es Salaam kwenda kazini tu, bila mzigo wowote zaidi ya chakula cha mchana. Asubuhi wanateremka kutoka Kimara, upepo usoni. Jioni wanapanda mlima uleule wakiwa wamechoka, na kila kilo ya chuma inadai haki yake.

Kandokando ya Barabara ya Morogoro, upande wa Manzese, kuna fundi ambaye kazi yake ya kupunguza uzito huo naipenda kwa dhati. Ana mwavuli, sanduku la spana, beseni la kutafutia pancha, na lundo la vipuri vilivyotoka kwenye baiskeli za mtumba. Mteja akija na hela ndogo akilalamika kwamba baiskeli ni nzito, fundi haanzi kufungua kitu. Anauliza swali moja.

"Nzito kuibeba au nzito kuisukuma, kaka?"

Wengi hawana jibu, kwa hiyo anajijibia mwenyewe. Anaipindua baiskeli, magurudumu juu, kisha anazungusha gurudumu la mbele taratibu kwa kidole na kuliacha. Gurudumu zima halisimami popote tu. Valvu na kipande chake cha chuma vinauzidi kidogo uzito wa upande wa pili, na uzito huo mdogo unatosha kulivuta gurudumu lirudi nyuma, liyumbe mara kadhaa, mpaka valvu itulie chini kabisa. Likisimama valvu ikiwa juu au pembeni, tatizo liko ndani ya habu: grisi imekauka, mchanga umeingia, au aliyeifunga mara ya mwisho amekaza koni kupita kiasi.

Basi anafungua. Anamwaga gololi kwenye kifuniko cha ndoo, anaziosha kwa mafuta ya taa, anazigeuza moja moja kwenye mwanga. Iliyopoteza mng'ao anaitupa, na akiona nyingi zimechoka anabadilisha zote, maana gololi mpya ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye baiskeli. Kisha grisi mpya, kisha koni. Hapa hana haraka. Anakaza mpaka gurudumu liache kucheza, halafu anarudisha nyuma kidogo sana, kwa sababu nati ya kufungia itasogeza koni tena itakapokazwa. Mchezo mdogo anaouacha sasa humalizwa na nati hiyo. Anayeupuuza hukaza koni vizuri, akaja kuziharibu kwa nati bila kujua.

Anajaza upepo mpaka tairi liwe gumu, anapaka cheni mafuta, anamrudishia mteja baiskeli akazunguke nayo mtaa mmoja. Wapo wanaorudi wakicheka, wanalipa kidogo, wanaondoka. Baiskeli yao haijapungua hata gramu moja. Fundi mwenye njaa ya hela angewauzia rimu kwanza, na heshima yangu kwake inaanzia hapo.

Kwa wanaotaka kuendelea, anatoa vitu kwa mpangilio wa akili yake. Stendi kubwa ya miguu miwili inatoka, inawekwa ya pembeni. Kava ya cheni inatoka, lakini mteja anaambiwa afunge mguu wa suruali. Keria ya chuma inatoka kama kweli hakuna kinachobebwa. Madigadi anagoma kuyatoa. Anaweka ya plastiki badala ya chuma, basi, kwa kuwa masika yakifika tope la Jangwani litaishia mgongoni mwa mtu anayekwenda ofisini. Kiti cha springi nacho anakiacha. Ni kizito, lakini kinapokea mashimo ambayo vinginevyo yangepokelewa na uti wa mgongo. Nakubaliana naye kabisa. Mwendeshaji wa kilo 65 na baiskeli ya kilo 20 ni kilo 85 zinazopanda Kimara, na kuondoa moja kwa kumuumiza mtu ni hasara.

Ufundi wenyewe, ule wa kukalia kigoda na kutazama, uko kwenye magurudumu. Rimu ya chuma ya inchi 28 inakaribia kilo moja. Ya alumini iliyotoka kwenye baiskeli ya mtumba inakaribia nusu ya hapo, na tairi lake jembamba linapunguza tena. Gramu hizo ziko ukingoni, mahali panapokwenda mbele na kuzunguka kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila unapoondoka kwenye taa za barabarani gramu moja ya rimu inadai nguvu kama ya gramu mbili za fremu. Mlimani, kwa mwendo uleule, faida hiyo ya ziada haipo, gramu ni gramu. Kwenye foleni ipo.

Ila rimu haibadilishwi peke yake. Breki za fimbo za Phoenix hubana rimu kutokea ndani, upande unaotazama habu, na rimu ya alumini haikutengenezwa kubanwa hapo. Zile fimbo zote zinatoka, zinaingia breki za waya zenye mikono mirefu, kwani gurudumu jipya ni dogo kidogo na mpira wa breki lazima uufikie ubavu wake. Mvua ikinyesha mteja atashukuru: alumini iliyolowa inashikika kuliko chuma kilicholowa. Halafu kuna hesabu ya matundu. Baiskeli za namna hii nyingi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na rimu za mtumba mara nyingi zina 36. Fundi anachakura lundo mpaka apate habu zinazolingana nazo.

Anaanza kusuka. Spoku 36, 18 kila upande wa habu, nusu zikivuta kwenda mbele na nusu zikivuta nyuma, kila moja ikipishana na tatu kabla ya kufika kwenye rimu. Tundu la valvu analipangia pale spoku mbili zinapoachana, ili kichwa cha pampu kipate nafasi. Kila uzi wa spoku unaguswa na tone la mafuta kabla ya nipeli. Gurudumu likishakamilika linakuwa bado legelege, linayumba likizungushwa.

Analivalisha kwenye uma wa baiskeli iliyopinduliwa na kushikilia chaki karibu na rimu. Inapogusa, inaacha alama. Rimu imeelekea kulia? Analegeza robo mzunguko spoku ya kulia, anakaza robo ya kushoto. Anazungusha, chaki inagusa eneo fupi zaidi. Kisha anaanza kuzipiga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Ya sauti nzito imelegea, ya sauti kali imezidi, na za upande mmoja lazima zilie karibu sawa. Mwisho anazishika mbili mbili na kuzibana kwa nguvu za viganja, nazo zinatoa milio midogo, tik, tik, zikijikunjua baada ya kusokotwa na spana. Anarudi kwenye chaki tena, maana sasa gurudumu limehama. Kabla ya tairi, anazungushia utepe wa tyubu kuukuu juu ya vichwa vya nipeli.

Mteja anaagizwa arudi baada ya wiki, kwa sababu spoku mpya hulegea zikijikalisha, na anaonywa asipakie gunia. Akiuliza bei, fundi anatoa kwenye hesabu keria, stendi na rimu za chuma alizozifungua. Vinabaki kwake. Wauza mkaa wanavitafuta, na kwao rimu ya alumini haina kazi.