Seremala na Mungu Wake: Tashtiti katika Isaya 44

Isaya sura ya 44, mstari wa 9 hadi wa 20, husomwa mara nyingi kama amri ya kukataza sanamu. Lakini amri hiyo imo katika Kutoka sura ya 20. Hapa pana tashtiti, yenye wahusika, kazi na chakula. Makala haya yanashikilia kwamba nguvu ya kifungu hiki imo katika msuko wake, na kwamba anayekichukua kama maelezo ya dini ya watu hukosea kuhusu maandishi na kuhusu watu pia.

Kwanza ni mpangilio wa matukio. Mhunzi anatangulia, naye anafua chuma mpaka njaa na kiu vinamlegeza. Hivyo muumba wa mungu anaishiwa nguvu kabla mungu hajasimama. Kisha anaingia seremala na kamba yake ya kupimia, randa na bikari, na umbo la mtu linakamilika. Hapo usimulizi unarudi nyuma: kutoka sanamu hadi mti msituni, na kutoka mti hadi mvua iliyoukuza. Msimulizi hasemi mvua ni ya nani. Msomaji wa Isaya anajua, na kimya hicho kinatosha.

Ndipo mti unapogawanywa. Sehemu moja inaoka mkate na kubanika nyama; masalio yanasujudiwa. Hapatolewi hoja ya kitheolojia bali hesabu ya jikoni tu. Seremala anasema mbele ya moto kwamba amepata joto, na mbele ya sanamu anaomba kuokolewa. Kejeli inatokana na ukaribu wa kauli hizo mbili.

Katika Kiswahili ukaribu huo unaingia hata katika sarufi. Sanamu huchukua upatanisho wa kitu: inachongwa, inaanguka. Mungu, hata aliye wa uongo, huchukua upatanisho wa kiumbe hai: anasikia, anaokoa. Kubadili jina ni kukipa kipande cha mti uhai wa kisarufi. Seremala amedanganyika kwanza kwa neno.

Je, waabudu wenyewe walifikiri hivyo? Wataalamu wengi huweka sura ya 40 hadi ya 55 katika zama za uhamisho wa Babeli, karne ya 6 K.K. Huko kulikuwa na ibada ya kuiosha sanamu kinywa, ambamo mafundi walifungwa mikono, ikakatwa kwa ishara kwa upanga wa mti, nao wakaapa kwamba si wao walioitengeneza. Waabudu hao walikwisha kuliona tatizo la mchongaji kuogopa kazi ya mikono yake, tatizo ambalo Waswahili wamelifumba katika methali ya kinyago. Isaya haitaji ibada hiyo. Anakirudisha chombo mkononi mwa fundi. Huku ni kuchagua cha kusimulia, kama ilivyo desturi ya tashtiti, wala hakuthibitishi ujinga wa Wababeli.

Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa Kenya. Vigango vya Wamijikenda ni nguzo za kuchonga zinazosimamishwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu. Anayekishika kifungu hiki kama kipimo cha kila mti uliochongwa ataviita miungu, ilhali vinamwakilisha marehemu, na Mulungu ni mwingine. Ameona patasi, hakuuliza maana.

Kifungu chenyewe kinamalizia kwa swali ambalo seremala hakuweza kujiuliza: kama kilichomo katika mkono wake wa kuume si uongo. Kosa analoshtakiwa, basi, ni kutojihoji, na kosa hilo halihitaji mti. Msomaji anayewacheka wachongaji wa wengine bila kujiuliza swali hilo amesimama palepale aliposimama seremala.