Sosisi iliyovalishwa koti



Wiki zote hizi hapa kwenye ukurasa wetu tumeongea hesabu ya sherehe ya Nyangwe tu: nani alitoa mchango, nani bado, viti vilivyovunjika vilipwe na nani. Juu ya chakula hakuna aliyeandika hata mstari. Mimi nataka kuandika juu ya chakula, tena si chakula chote. Mchele ulikuwa mzuri, sombe ilikuwa na mawese ya kutosha, na mama wa jikoni wapewe heshima yao. Naandika juu ya kitu kimoja kidogo kama kidole: ile sosisi iliyofungwa na nyama nyembamba, ikachomekwa kijiti, ikatembezwa kwenye sinia kabla ya hotuba.

Kwa wale ambao hawakufika, niwaeleze. Ni sosisi fupi za mukebe. Kila moja imezungushiwa kipande cha bekoni, yaani nyama ya tumbo la nguruwe iliyolazwa kwenye chumvi, ikapitishwa kwenye moshi, halafu ikakatwa nyembamba kama karatasi. Juu yake inamwagiwa sukari nyekundu, na kijiti kinashika vyote visifunguke. Kitu hiki kina kwao. Waingereza wanakila sana wakati wa Noeli, bila sukari, na jina walilokipa maana yake ni nguruwe ndani ya blanketi. Wamarekani ndio wanaopenda kuongeza sukari na kuingiza ndani ya furu mpaka sukari iyeyuke na kung'aa. Wafaransa nao wanafunga plamu kavu kwa nyama hiyo hiyo, wanakula na kinywaji kabla ya kukaa mezani. Mwenzetu aliyekileta alikiona kwenye simu, akakipenda, akasafirisha bekoni toka Bukavu ndani ya sanduku la barafu. Alifanya kazi, na kazi yake sitaidharau.

Tuanze na sifa, maana sifa ziko. Anayesema kitu hiki hakina ladha anadanganya. Mafuta ya bekoni yanalowesha sosisi isikauke. Chumvi inaamsha sukari, na sukari inatuliza chumvi. Moshi unabaki puani hata baada ya kumeza. Ni kidogo, kwa hiyo ukimaliza kimoja mkono unarudi wenyewe kwenye sinia. Mimi nilikula vitatu.

Sasa makosa. La kwanza ni la moto. Kitu hiki kilizaliwa ndani ya furu, mahali joto linazunguka pande zote na mpishi anaweza kulipunguza. Sisi tulikipika kwenye babula. Joto la makala linatoka chini tu, na sukari haina subira: ikipata moto mkali inaungua haraka, wakati mafuta ya nyama bado hayajaanza kuyeyuka. Tulichopata ni kitu cheusi na kichungu upande wa chini, na upande wa juu bekoni nyeupe, laini, ikivutika kwenye meno. Nyama ya nguruwe isiyoiva haifai kupelekwa kwa wageni hata siku moja. Huku kwetu Kongo tegu ya nguruwe tunaijua, na nyama mbichi njo mlango wake. Dawa ya kosa hili ni nyepesi: pika nyama kwanza kwa moto mdogo, geuza mara nyingi, sukari ije dakika za mwisho kabisa. Hilo mtu anajifunza kwa siku moja.

Kosa la pili halirekebishwi na moto, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Nilikuwa nimesimama karibu na rafiki yangu wa promosio, mwislamu, mtu tuliyekaa naye benchi moja miaka mingi. Binti aliyekuwa anatembeza sinia akapita. Rafiki yangu akachukua kijiti kimoja bila kuacha hadithi aliyokuwa ananipa, akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili. Akasimama.

"Mwanangu, hii iko na nini ndani?"

"Njo sosisi, papa."

"Na hii inaizunguka?"

"Sijue, papa. Mimi walinipa nitembeze tu."

Hakupiga kelele. Alitema kwenye karatasi, akachukua kopo la maji, akaenda kusukutua mdomo nyuma ya ukumbi. Akarudi, akasikiliza hotuba zote mpaka mwisho, akaaga watu vizuri. Wengi wenu hamkuona kitu.

Hapa ndipo nataka tufikiri kama watu waliosoma. Kila aina ya chakula iko na sheria yake. Chakula cha mezani kina sufuria, na sufuria ina mwenyewe; unaona sombe, unaona samaki, unaweza kuuliza mama aliyepika. Kitafunio cha sherehe hakiko hivyo. Kinakuja chenyewe ulipo, umesimama, unaongea, taa ni hafifu, muziki uko juu. Unakichukua kwa vidole viwili na kukila bila kukitazama. Uzuri wake wote uko hapo: kinaliwa bila maswali. Kwa sababu hiyo, anayekipika anabeba mzigo mkubwa kuliko mpishi wa sufuria. Anamwambia mgeni, bila kusema neno: kula, usiogope, mimi nimeshakufikiria.

Sosisi yetu ilivunja sheria hiyo mara tatu. Sosisi yenyewe ni nyama iliyosagwa, huwezi kujua ni ya mnyama gani kwa kuitazama. Juu yake tukafunga nyama ya pili. Juu ya nyama ya pili tukamwaga sukari, ikaficha rangi na harufu. Ni vifuniko vitatu juu ya swali moja. Mwisho tukaipa jina la "sosisi tamu". Waingereza ambao wengi wao wanakula nguruwe bila shida, hata wao jina lao linamtaja nguruwe. Sisi, katika Maniema, mkoa unaojulikana Kongo nzima kwa waislamu wake, tulimficha.

Naomba msinielewe vibaya. Simshitaki nguruwe. Nimekulia kwenye nyumba iliyomfuga, na Noeli yetu bila yeye haikuwa Noeli. Jirani zetu waislamu walijua, hawakusema kitu. Walikuwa wanatuletea sahani ya Idi, na sisi siku ya Noeli tulikuwa tunawapelekea kuku mzima, akiwa hai, wamchinje wenyewe. Hakuna aliyetufundisha hilo shuleni. Mama yangu, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, alijua namna ya kumlisha mtu bila kumtega.

Na Nyangwe imejua jambo hili zamani kuliko mama yangu. Livingstone alifika hapa mwaka 1871, akakaa miezi kadhaa, na kitu kilichompendeza kuliko vyote ni soko. Aliandika jinsi wanawake walivyobeba mihogo mikavu na vyungu, wakabadilisha kwa mawese, samaki, chumvi na pilipili, wakibishana bei na kucheka. Na wanaume, anasema, walileta vitu vya chuma, kuku, nguo za majani, na nguruwe. Ndiyo, nguruwe, katika soko la Nyangwe, mbele ya macho ya wafanyabiashara waislamu waliotoka pwani. Mwenye kumtaka alimnunua, asiyemtaka alipita akaenda kwenye samaki. Nguruwe alifungwa kamba yake mwenyewe. Hakufungwa kwenye kitoweo cha mwingine.

Sitaki kulipamba soko hilo. Sisi wote tunajua lilivyoishia tarehe 15 Julai 1871, bunduki zilipolia katikati ya wanawake, wengine wakafa kwa risasi na wengine wakazama Lualaba. Wenye bunduki walikuwa watu wa wafanyabiashara wale wale, na ugomvi ulianzia kwenye bei ya kuku. Nguvu ya wafanyabiashara hao ilivunjwa mwaka 1893, wakati majeshi ya Leopold yalipoteka Nyangwe na halafu Kasongo. Lakini dini iliyokuja kwa njia yao ilibaki, kiswahili kikabaki, na mchele ukabaki. Vimekuwa vyetu. Anayepika hapa anapikia historia hiyo yote, apende asipende.

Kuna watu watajibu: "Aliyetaka kujua angeuliza." Nimeshasema kwamba kitafunio kinaliwa bila maswali, tukitaka watu waulize, tuwakalishe mezani. Wengine watasema: "Asiyetaka asile, kuna vitu vingine." Sawa, lakini mchango wake ulikuwa sawa na wangu. Haifai mtu atoe pesa sawa halafu apate nusu ya sinia. Tena hesabu si ya waislamu peke yao. Kwenye promosio yetu tuko na Wakimbangu na Waadventista, nao nguruwe hawamgusi. Nilitazama masinia yaliporudi jikoni: yaliyopita upande mmoja wa ukumbi yalirudi tupu, na yaliyopita upande mwingine yalirudi yamejaa.

Wa tatu watasema kwamba dini inamsamehe aliyekula bila kujua. Ni kweli, na rafiki yangu mwenyewe aliniambia hivyo jioni ile, akitabasamu, ili nisijisikie vibaya. Lakini msamaha huo ni wa asiyejua. Mimi nilijua. Nilipita jikoni mchana, nikaonja, nikasifu, nikatoka. Nilimwona anachukua kijiti, na kati ya sinia na mdomo wake kulikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Sikulisema. Nilikuwa nacheka hadithi yake. Kwa hiyo ukosoaji huu, ndugu, usisomwe kama wa mtu anayemnyoshea kidole mpishi. Mpishi alikosea furu. Mimi nilikosea rafiki.

Mwaka huu jina lake bado halijatokea kwenye orodha ya mchango. Pengine ni safari, pengine ni biashara. Sijamwuliza. Naogopa jibu.

Mkosoaji asiyetoa njia ni mlalamishi tu, basi natoa njia. Tulichokipenda katika sosisi ile ni nini? Utamu na chumvi pamoja, mafuta, moshi, na ukubwa wa kidole. Vyote hivyo viko hapa kwetu, hakuna haja ya sanduku la barafu. Geuza kitu chenyewe ndani nje. Chukua ndizi kubwa ya kupika iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, ikate kwa urefu vipande vyembamba, ikaange kidogo tu iwe laini ya kukunjika. Nyama ya mbuzi iliyochinjwa na mwislamu isage, ipike na vitunguu, tangawizi na chumvi mpaka iive kabisa. Zungushia ndizi, choma kijiti, weka juu ya makala yaliyofifia ipate moshi. Mwisho kabisa ipake asali iliyochanganywa na ndimu na pilipili. Nimeijaribu nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza ndizi ilikatika juu ya kuiva mno. Mara ya pili watoto hawakuacha hata moja ya kupiga picha. Utamu uko nje, chumvi iko ndani, na akiuliza mtu "iko na nini?" hata mtoto anaweza kumjibu.

Na nguruwe? Awepo, kama kuna wanaomtaka, nami nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini awe na babula yake, sinia yake, meza yake, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Vijiti vyake visichanganywe na vingine. Kama sokoni.

Sherehe ijayo inakaribia, na najua komite itaanza kugawa kazi. Naomba nipewe kazi ya vitafunio. Nataka nitembeze sinia mwenyewe, na mgeni wa kwanza kufikiwa nimeshamchagua. Ila kabla ya hapo nina simu moja ya kupiga, na hiyo hakuna komite itakayonipigia.