Nani Anayechekwa? Manuel, Darasa la Bwana Brown na Kicheko cha Lugha

Utangulizi

Wapo wanaodai kwamba mhakiki wa fasihi hana la kutafuta katika vichekesho vya televisheni. Kazi yake ni riwaya, ushairi na tamthiliya, basi. Dai hilo silikubali. Kichekesho kina msuko, kina wahusika, kina mgogoro, na lugha ndiyo roho yake. Katika makala haya nitajadili vichekesho viwili vya Uingereza ninavyovipenda mno, yaani Fawlty Towers na Mind Your Language. Vyote viwili vinachuma kicheko kutoka kwa mgeni asiyekijua Kiingereza vizuri. Swali langu ni moja tu: mgeni huyo anapokosea, nani hasa anayechekwa? Na swali hili si la Waingereza peke yao, kwani hata sisi watu wa Kiswahili tuna mazoea ya kucheka lafudhi ya mwenzetu.

Hoteli ya Basil

Fawlty Towers iliandikwa na John Cleese na Connie Booth, ikaonyeshwa na BBC mwaka 1975 na 1979. Ina vipindi 12 tu. Hata hivyo, mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipowauliza wataalamu wa televisheni, waliiweka ya kwanza katika orodha ya vipindi 100 bora vya nchi hiyo. Mandhari ni hoteli ndogo mjini Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza. Mwenye hoteli, Basil Fawlty (Cleese mwenyewe), ni mtu wa matabaka: mbele ya anayedhani ni lodi huyeyuka kama siagi juani, mbele ya mteja wa kawaida huwa pilipili. Mkewe Sybil (Prunella Scales) ndiye anayeiendesha hoteli. Mhudumu ni Manuel, Mhispania kutoka Barcelona, aliyeigizwa na Andrew Sachs.

Hebu tutazame kipindi cha kwanza. Basil anamwambia Manuel kwamba kuna siagi nyingi mno kwenye trei. Maneno ya Kiingereza "on those trays" yakifika katika sikio la Mhispania yanageuka "uno, dos, tres", yaani moja, mbili, tatu. Manuel, kwa adabu zote, anamsahihisha bosi wake namna ya kuhesabu! Basil anajaribu Kihispania, hakitoki. Halafu anajitetea: eti yeye alijifunza Kihispania cha wasomi, si hiyo lahaja ya ajabu anayosema Manuel. Sasa hapo mjinga ni nani? Mwenye lugha yake anaambiwa lugha yake ni mbovu, na anayemwambia haiwezi. Watu hawa tunawafahamu. Ndio wale wanaomsahihisha mzaliwa wa Mvita au Unguja Kiswahili cha nyumbani kwake.

Ushahidi wa pili umo katika kipindi cha mwaka 1979 kinachomhusu Bi Richards, mteja kiziwi anayekizima kifaa chake cha kusikilizia ili kuokoa betri. Basil amebahatisha pesa kwenye mbio za farasi na hataki mkewe ajue, kwa hiyo anamkaririsha Manuel kwamba yeye hajui lolote. Baadaye Basil anahitaji shahidi kwamba pesa zile ni zake. Anamwita Manuel. Naye Manuel, kifua mbele, anatangaza kwamba hajui lolote. Ametii amri neno kwa neno, na utii huo unammaliza bosi. Kosa la lugha limegeuka kuwa hukumu kwa mwenye nguvu.

Bila Sachs yote haya yasingesimama. Alizaliwa Berlin mwaka 1930, na mwaka 1938 familia yake iliwakimbia Wanazi ikahamia London. Sidai kwamba maisha ya mwigizaji ndiyo yanayomweleza mhusika. Nasema tu kwamba aliyemwigiza Manuel aliwahi kuwa mtoto mgeni katika nchi ya Kiingereza. Tazama macho yake Basil anapopayuka: Manuel husikiliza kwa mwili mzima. Anataka kuelewa, na anataka kuifanya kazi yake vizuri. Hadi Sachs anafariki mwaka 2016, jina la Manuel lilikuwa limemganda.

Kasoro ipo. Basil humpiga Manuel mara kwa mara, na tunacheka. Kazi hii ilipotafsiriwa kwa Kihispania, Manuel aligeuzwa Mwitalia. Kumbe kila taifa hupenda kichekesho, mradi mjinga atoke kwa jirani.

Darasa la Bwana Brown

Mind Your Language, iliyobuniwa na Vince Powell, ilianza mwaka 1977. Mwalimu Jeremy Brown (Barry Evans) anawafundisha Kiingereza watu wazima kutoka nchi mbalimbali, jijini London. Ilipendwa sana nje ya Uingereza, Kenya ikiwemo. Lakini hapa ufundi ni dhaifu zaidi. Kila mwanafunzi amebandikwa nchi yake kama stempu: Mfaransa ni mrembo wa kutega wanaume, Mchina hakiachi kitabu cha Mao, Mjapani huinama na kuongeza "o" mwishoni mwa maneno. Mwaka 1979 Michael Grade, aliyesimamia vipindi katika kampuni ya London Weekend Television, aliisimamisha kwa sababu ya picha hizo, ingawa ilirudi kwa muda mwaka 1986.

Nakubaliana na lawama hiyo kwa sehemu kubwa. Yule Mjapani, Taro, tumcheke kwa lipi? Kuongeza irabu mwishoni mwa neno la kigeni ndiyo sarufi yetu: tuna benki, tuna soksi, tuna shati. Anayemcheka Taro kwa Kiswahili anajicheka mwenyewe.

Walioiokoa kazi hii ni waigizaji. Pik-Sen Lim, mzaliwa wa Penang nchini Malaysia, alimwigiza Mchina. Kevork Malikyan, Mwarmenia kutoka Uturuki, alimwigiza Mgiriki. Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka, alimwigiza Kalasinga wa Punjab. Uingereza ya miaka ile iliwapa watu hawa nafasi chache zaidi ya kuwa "mgeni". Wao wakaijaza nafasi hiyo finyu kwa uhai. Dino Shafeek, katika uhusika wa Ali, hukosea huku anatabasamu kama aliyefaulu mtihani, na furaha hiyo haikutoka kwenye karatasi ya mwandishi.

Na kwetu je?

Wanahistoria wa sanaa za maonyesho nchini Tanzania wameeleza kwamba vichekesho vya shule za kikoloni vilimcheka Mwafrika aliyeshindwa mambo ya Kizungu. Kicheko kilikuwa fimbo. Tukitazama Vitimbi ya Kenya tunakuta Mzee Ojwang, aliyeigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Kwa nini hakuonekana adui? Kwa maoni yangu ni kwa sababu Ojwang ana nyumba, ana mke mkali, ana tamaa na hila zake. Lafudhi ni nguo yake tu, mwili anao. Taro, ukimvua lafudhi, hakuna kinachobaki.

Hitimisho

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni hiki: anayekosea lugha anataka nini, na je, msuko unampa nafasi ya kushinda hata mara moja? Kwa kipimo hicho Manuel amefaulu, Ojwang amefaulu, na darasa la Bwana Brown limefaulu pale tu waigizaji wanapompiku mwandishi. Kupenda kazi si kuifumbia macho. Mimi Mind Your Language naitazama bado, na nacheka, lakini najua ninapocheka na ninaponyamaza. Wanafunzi wenzangu, vichekesho vya Kiswahili vinasubiri uhakiki wa aina hii. Anzeni na kile mnachokipenda zaidi.