Swali la feri, wawili wawili

Chukua darasa la Gredi ya 5 huko Likoni, Mombasa, wanafunzi sitini wamebanana kwenye madawati. Mwalimu anauliza: "Kwa nini feri hujaa asubuhi?" Swali halijaisha, mikono mitano ya mbele ishapaa. "Ticha, mimi!" Anayejibu ni yule yule wa jana.

Tatizo la kwanza ni swali lenyewe. Jibu lake ni la pumzi moja: watu wanaenda kazini. Libadilishe: waendao kwa miguu huvuka feri bure, magari hulipa, je, ni haki? Hapo mtoto wa Likoni ana la kusema, na mwalimu hana jibu mfukoni.

Tatizo la pili ni mikono ile ile mitano, na dawa yake ni mbinu ya hatua tatu: kufikiri peke yako, kujadiliana na jirani, kisha kutoa mawazo mbele ya darasa. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliieleza mwaka 1981, na Mtaala wa Umilisi wa Kenya hauna ugomvi nayo. Hatua iliyo rahisi kurukwa ni ya kwanza, maana ukimya humtia mwalimu wasiwasi. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani, aliona walimu wakisubiri jibu kwa takriban sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Kwa swali la feri mimi ningetoa dakika nzima, kila mmoja aandike sababu moja.

Hatua ya pili ndiyo yenye utajiri. Kuanzia Gredi ya 4 lugha ya kufundishia ni Kiingereza, lakini wawili wakinong'ona waachwe watumie Kiswahili au Kidigo. "Na mkokoteni je, ni gari?" Hoja kama hiyo ikingojea msamiati wa Kiingereza, kengele italia kabla haijatoka.

Katika hatua ya tatu, mwalimu aachane na mikono iliyoinuliwa, achague jina kwenye rejista. Tena asiulize "wewe wasemaje?" Aulize: "Mwenzako amesema nini, nawe wakubali?" Asiyesikiliza huumbuka papo hapo.

Wapo watakaosema vitendawili vyetu vyatosha. Sidhani. Mtegaji ana jibu tayari, na anayeshindwa hutoa mji. Ngonjera, alizozieneza Mathias Mnyampala kule Tanzania, zakaribia zaidi kwa kuwa zina pande mbili, ila shuleni watoto huzikariri tu.

Gharama ni muda. Kipindi ni dakika 35, na zoezi hili hula kama kumi na mbili, kwa hiyo litumike mara moja tu, kwenye kiini cha somo. Mwishoni kila mtoto aandike chini ya sababu yake ya kwanza: nimebadili mawazo, au sijabadili, kwa sababu... Karatasi sitini hazisomeki kwa jioni moja. Mwalimu asome kumi, aanze na za madawati ya nyuma.